Viti Visivyo na Jina

Jumatatu, tarehe 5 Agosti 2024. Butembo.

Leo naanza maisha mapya. Nimenunua daftari hili kwa sababu Coach Edmond amesema kila mfanyabiashara mkubwa duniani anaandika shajara. Mimi nimeshaandika mistari miwili. Nimekaribia!

Coach Edmond ni mtu wa Goma. Amekuja kwa ndege mpaka Beni, maana barabara imekatwa na vita, kisha kwa moto, yaani pikipiki, mpaka hapa, na bado viatu vyake vilikuwa vinang'aa. Ametufundisha siku nzima namna ya kukuza biashara ndogo. Amesema mambo mawili. Kwanza, mtu bila relations, bila watu anaojuana nao, ni mtu bila mali. Pili, asiyelipia tangazo kwenye Internet mwaka huu, mwaka ujao atakuwa kibarua wa yule aliyelipia. Aliposema hilo alinitazama mimi. Nina hakika.

Nijitambulishe, kwa faida ya wajukuu. Gamaliel Kahongya, Mkurugenzi Mkuu wa Maison Gama Prestige. Tunakodisha viti, bashi za kuzuia mvua na bafle za muziki kwa ndoa, matanga na sherehe zote. Viti ni vya plastiki, bluu, zaidi kidogo ya mia. Vingekuwa vingi zaidi, lakini mwezi wa tano baadhi vilichanganyika na vya watu kwenye matanga moja, na sikuwa na la kuonyesha kwamba ni vyangu.

Viti vyote viko sebuleni, vimepandana mpaka karibu na dari. Nimekataza mtu kuvikalia, visichakae kabla ya wateja. Sisi tunakula tumekalia bidon, madumu ya maji. Mke wangu Débora, anayeuza poireaux, vitunguu vya majani, za Masereka sokoni, anasema hajaona nyumba yenye viti vingi hivi ambamo mtu hana pa kukaa. Hana jicho la biashara.

Ng'ambo ya barabara yuko Kasonia. Naye anakodisha viti. Vyeupe, mia tatu, vipana kupita kiasi. Nyuma ya kila kiti ameandika KASONIA na namba ya simu, rangi nyekundu, herufi kubwa, kama mtoto wa shule anayeogopa kuibiwa kikombe. Simu yake ni ya vitufe. Facebook haijui. Na viti vyake havilali nyumbani hata Jumamosi moja! Mji huu siuelewi.

Jioni Débora amenitangazia vita vyake mwenyewe. Mama yake, Mama Agar wa Musienene, amepokea familia mbili zilizokimbia kutoka upande wa Kanyabayonga. Vinywa vimeongezeka, shamba la maharagi lazima lipanuliwe, mikono haitoshi. Basi, mvua ya Septemba ikikuta viti bado viko sebuleni, vitapewa mtu anayejua kuvitoa, na mimi nitakwenda Musienene na jembe. "Ama biti bitoke, ama weye utoke," amesema, akaendelea kumenya viazi.

Mimi! Mkurugenzi Mkuu! Mgongo wangu haukuumbwa kwa maharagi. Tena mbele ya mama mkwe siwezi hata kukohoa kwa raha. Lazima nishinde.

Jumatano, tarehe 7 Agosti.

Kadi zimetoka! Karatasi inayong'aa, herufi za dhahabu: Directeur Général. Débora ameuliza namuongoza nani. Nimemwambia cheo huja kwanza, watu hufuata.

Coach alisema wakubwa hawatafutwi, unawakuta pale walipo. Na wakubwa wa Butembo wanakutana wapi? Matangani! Mama ya mfanyabiashara mmoja wa mbao amefariki, parselle, uwanja wa nyumba yake, imejaa magari. Nimevaa suti. Nikaona si adabu kumpa mtu anayelia kadi mkononi, kwa hiyo nikazitia kadi moja moja ndani ya bahasha nyeupe, safi. Bahasha moja nikaiweka kwenye meza ya kamati kwa mikono miwili, na kuinama.

Nilisahau jambo ambalo hata mtoto wa hapa analijua. Bahasha ya matangani hufunguliwa, na kilichomo husomwa mbele ya watu wote. Katibu akashika kipaza sauti. Familia fulani, mfuko wa mchele. Kikundi cha akina mama, mafuta na chumvi. Kisha akafungua ya kwangu. Akaitazama. Akachungulia tena ndani ya bahasha. Akasoma polepole: "Maison Gama Prestige. Kadi moja."

Halafu mtu akacheka, na kicheko cha matangani kikianza hakina breki. Hata mwana wa marehemu alificha uso ndani ya kitambaa, na hakuwa analia.

Nikatazama mbele nisionane na mtu. Mbele yangu kulikuwa na mgongo wa kiti. KASONIA, na namba ya simu. Nimeutazama mchana kutwa. Namba hiyo sasa naijua kwa moyo, na hilo ndilo lililonikasirisha zaidi.

Hata hivyo jina langu limesomwa kwenye kipaza sauti mbele ya wakubwa wote wa mji. Bure kabisa! Coach angefurahi.

Ijumaa, tarehe 9 Agosti.

Leo tangazo la kulipia. Phinées, mwalimu aliyeacha chaki akafungua kibanda cha kuchajia simu, ndiye anayewalipia watu matangazo, kwa sababu kaka yake wa Kampala ana kadi ya benki. Nimetumia pesa ya sabuni. Débora hajajua bado kwamba mwezi huu hakuna sabuni.

Phinées alitaka tupige picha viti vyangu. Nikamwambia viti vya bluu kando ya sufuria havimfanyi mtu aote ndoto. Tukatafuta kwenye Internet. Tumepata ukumbi wa nchi ya mbali: viti vyeupe visivyo na mwisho, maua, taa. Chini tumeandika: "Maison Gama Prestige. Viti elfu moja vyeupe. Tunafika popote." Phinées ameuliza kama si uongo. Si uongo. Ni vision.

Ameongeza shauri ambalo sikumwomba: ninunue mkebe wa rangi, nitoboe herufi kwenye kibati, niandike jina langu kwenye viti kama Kasonia. Nimecheka mpaka nikakohoa. Prestige haipigi kelele!

Ikabaki kuchagua nani alione tangazo. Nimesema Beni. Mwaka huu bei ya kakao imepanda, na watu wa Beni wanaoza binti zao kana kwamba hakuna vita. Phinées akaandika "Beni", akabonyeza ya kwanza iliyotokea.

Jumamosi, tarehe 10 Agosti.

Likes elfu tatu! Kwa siku moja! Nimemwamsha Débora kumwonyesha. Ameuliza wangapi wamekodi. Mwanamke huyu anapenda kuharibu asubuhi za watu.

Ujumbe umejaa pia, ila wanaandika lugha nisiyoijua. Nimedhani ni Kinande chetu, cha vijana. Phinées ameitafsiri kwa simu yake. Ni Kispanyola. Kumbe kuna Beni nyingine, huko Bolivia, Amerika ya Kusini! Bibi mmoja anauliza kama viti vitafika kwa mtumbwi kabla ya ubatizo wa mjukuu wake.

Nimejibu kwamba tunafika popote, atume advance, malipo ya kuanzia. Bado namngojea.

Débora amekwenda kufua. Ameuliza sabuni iko wapi.

Jumatatu, tarehe 12 Agosti.

Siku mbaya. Nilikuwa nimelipia tangazo la pili, picha ile ile ya viti elfu vyeupe, safari hii kwa Butembo yetu na Beni yetu, tumehakikisha kwenye ramani. "Jumatatu ya Prestige! Nusu bei! Leo tu!" Pesa ni ya mafuta ya kupikia.

Nimeamka, mji uko kimya. Maduka yamefungwa, soko tupu, matairi yanawaka kwenye rond-point, pale barabara zinapokutana. Ville morte, mgomo wa mji mzima. Société civile, vyama vya raia, wameitangaza kwa ajili ya watu waliouawa mashambani upande wa Beni. Ilisomwa jana makanisani kote. Mimi nilikuwa kanisani jana! Lakini wakati wa matangazo nilikuwa nje mlangoni, nikijipanga kugawa kadi.

Na ville morte inamweka wapi mtu? Nyumbani, simu mkononi. Wote wameliona tangazo langu. Wote! Mmoja ameandika: "Batu banalia, weye unauzisha biti?" Mwingine ameuliza kama huyu DG hajawahi kufiwa kwabo. Phinées alitaka kulizima, réseau ya simu ikakatika. Likaendelea kutembea mpaka jioni, likimfikia kila mtu niliyelipa afikiwe.

Débora hakunigombeza. Alikalia bidon lake akasikiliza redio, wakataja majina ya vijiji, kimoja ni cha rafiki yake wa shule. Nimeona haya. Haya ya kweli. Nimezima simu kabisa, kwa heshima.

Nimeiwasha tena baadaye kidogo, kuona comments zimefika ngapi.

Jumatano, tarehe 14 Agosti.

Tangazo limeleta watu! Asubuhi wanaume watatu wamebisha hodi, mikoba kwapani, wakasema wameona viti vyetu kwenye Facebook. Nimewakaribisha kwa mikono miwili. Nimeanza kusifu bidhaa.

Ni watu wa taksi, wa kutoza kodi. Mmoja wa mairie, ofisi ya meya, mmoja wa mazingira, wa tatu hakusema ni wa wapi, na ndiye aliyekuwa mkali zaidi. "Papa DG, biti elfu moja, ile njo entreprise kubwa," amesema wa mairie, na karatasi yake tayari imejazwa. Nimeapa kwamba sina elfu. Wamehesabu wenyewe, moja moja, mpaka dari. Kisha yule asiye na ofisi akanieleza kwamba kutangaza viti ambavyo mtu hana, nako kuna amende yake, faini.

Débora ndiye aliyewatoa, kwa mafungu ya poireaux na maneno matamu. Walipofika mlangoni nikawapa kadi. Kila mtu ni relation.

Jumanne, tarehe 20 Agosti.

Nimeshinda! Nimeshinda! Nimeshinda!

Sophie, mwanamke wa Beni anayepanga ndoa za matajiri, ameliona tangazo langu. Mfanyabiashara wa kakao anaoza binti yake tarehe 31. Anataka viti mia tatu, vyeupe, vimevikwa vitambaa na utepe. "Papa Gama, nataka beupe bya kweli, hein? Usiniletee bya rangi-rangi," amesema. Nimemjibu kwamba weupe ni imani ya nyumba yetu.

Nimemrukia Débora, nimemzungusha na jembe alilokuwa akilinoa. Musienene, kwaheri! Maharagi, kwaheri!

Kisha nimegeuka nikaviona viti vyangu. Bluu. Mpaka dari, bluu.

Butembo nzima kuna mtu mmoja tu mwenye viti vyeupe mia tatu. Sitaki kuandika jina lake. Anaandika mwenyewe vya kutosha.

Alhamisi, tarehe 22 Agosti.

Akili ni mali. Nimemtuma Phinées kwa Kasonia, akajitambulisha kama "Agence Événementielle du Grand Nord", wakala wa sherehe. Kasonia ameuliza swali moja tu: biti birudi siku gani. Hakuomba hata kadi! Mtu huyu hajui biashara.

Na yale maandishi yake? Yatafunikwa na vitambaa. Mia tatu, vyeupe, fundi wa cherehani ameanza leo. Alitaka kiti cha kupimia. Kuomba cha Kasonia kungemfumbua macho, kwa hiyo nimempelekea changu. Kiti ni kiti.

Pesa ya fundi Débora ameitoa kwenye poireaux zake. Amesema hii ni ya mwisho, na hakupandisha sauti. Nimeogopa kuliko angepiga kelele.

Ijumaa, tarehe 30 Agosti. Beni.

Lori limepakiwa alfajiri. Kasonia mwenyewe amebeba, jasho linamtoka. Amenikuta nimesimama kando ya gurudumu. Nimesema napita tu. Amenisalimu vizuri, ameulizia afya ya mama mkwe. Mtu mwenye wivu hujificha hivyo.

Njiani, kila barrier, kizuizi cha wanajeshi, nimetoa kadi. Dereva alinisihi nisitoe, ana kawaida yake na wale wanajeshi, kitu kidogo na utani, basi anapita. Lakini relation ni relation. Mwanajeshi wa kwanza ameisoma, ameangaza uso, amewaita wenzake: "DG ayei! DG, pesa biso kawa!" Yaani DG amefika, atupe kahawa. Kahawa ya dereva ni bei moja, kahawa ya DG ni nyingine. Barrier iliyofuata walikuwa wameshapigiwa simu. Walikuwa wamesimama barabarani wakinisubiri kwa jina. Kumbe networking inafanya kazi!

Nalala ndani ya lori, juu ya viti vya Kasonia. Ni vipana. Mtu anajinyoosha. Sitamwambia.

Jumamosi, tarehe 31 Agosti. Beni.

Naandika haraka.

Asubuhi tumepanga viti. Sophie alifurahi na weupe wake. Nikatoa vitambaa, nikakivika kiti cha kwanza. Kitambaa kikaingia mabegani, kikakwama. Nikavuta. Kikachanika. Nikajaribu cha pili, cha tatu, nikampa dereva naye avute. Mgongo wa kiti cha Kasonia ni mpana kupita wangu kwa kiganja kizima! Vitambaa vilikaa juu kama kofia ya mtoto kwenye kichwa cha baba yake. Sophie akaja mbio. "Toa yote, batu beko ku mulango!" Tukavua.

Na watu wakaingia. Beni yote yenye kakao. Wakakaa mstari nyuma ya mstari, na kila mtu mbele ya macho yake alikuwa na KASONIA, nyekundu, na namba ya simu.

Na hotuba! Mjomba wa bibi harusi alisimulia mbuzi wote wa mahari, mmoja mmoja, na tabia zao. Halafu mjomba wa bwana harusi akajibu. Watu wasio na la kutazama walitazama mgongo wa kiti. Nimeona kwa macho yangu mwenyewe wakiinua simu na kuandika namba. Mama mmoja wa vitenge vizito alikuwa anamsomea jirani yake, tarakimu kwa tarakimu, na jirani akimrudishia.

Mwishoni mwenye kipaza sauti akaanza shukrani. Wapishi. Kwaya. Kisha akainama, akasoma kiti kilichokuwa mbele yake: "Na tumushukuru Papa Kasonia wa Butembo, kwa biti bizuri, bipana, mutu anakaa anasahau kwabo!" Makofi. Watu wakatafutana kwa macho. Papa Kasonia eko wapi?

Nimesimama. Nimepunga mkono. Wameimba "Kasonia! Kasonia!" na vigelegele juu. Ningefanya nini?

Sophie alinilipa bila neno baya. Ameuliza tu kama mimi njo dereva wa Papa Kasonia, na kama yeye mwenyewe anapatikana kwenye ile namba, maana ana ndoa nyingine mbele. Baada ya lori, fundi, kahawa za wanajeshi na viti vyenyewe, kilichobaki mkononi mwangu kinatosha sabuni.

Jumatatu, tarehe 2 Septemba. Butembo.

Kasonia amekuja nyumbani na jogoo.

Phinées alimweleza yote, bila hata kubanwa. Nilikuwa tayari kwa ugomvi, nilikuwa nimeandaa maneno. Hakugombana! Amenishika mkono kwa mikono yake miwili. Tangu Jumamosi simu yake haipumziki: Beni, Oicha, mpaka Kasindi. "Ndugu Gama, weye ulinipeleka fasi miye singefika," amesema. "Wasingya, aksanti." Na jogoo huyu ni wangu.

Kisha akatoa alichokuja nacho hasa. Viti vyake mia tatu havitoshi tena. Angechukua na vyangu, afanye kazi navyo, agawane na sisi kila mwezi. Sharti ni moja tu: viandikwe jina, visipotee. Jina lipi? Lile watu wanalolijua.

Débora amekubali kabla hajamaliza. Halafu amefanya jambo ambalo sitalisahau. Amepanda juu ya bidon, akateremsha kiti kimoja cha bluu, akakipangusa, akamwambia Kasonia akae. Miaka miwili viti viko ndani ya nyumba hii, na mtu wa kwanza kuvikalia humu ni Kasonia!

Alipoondoka, Débora amesema kizuri chajiuza. Nusu ya pili ya methali hakuisema. Amenitazama tu. Methali hiyo ilitungwa na watu wasio na Internet.

Alhamisi, tarehe 5 Septemba.

Mvua ya kwanza imeanguka mchana, na ikanikuta sebuleni bila kiti.

Walikuja asubuhi. Kasonia alivipanga uani, akaviandika mwenyewe kwa kile kibati chake kilichotobolewa, akipuliza kila jina likauke. KASONIA na namba yake, KASONIA na namba yake, KASONIA na namba yake. Mpaka kile kimoja ambacho Débora alimwomba akibakize kwa ajili ya Mama Agar, alikiandika pia, kwa mazoea, kisha akaomba radhi.

Sebule yetu ni kubwa, kumbe. Sauti inarudi. Nimeumia, kusema kweli. Nilivipenda viti vile. Nilivipenda vikiwa vipya.

Débora alinikuta nimesimama katikati ya nyumba. Akaegemea bega langu, na kwa mara ya kwanza tangu Agosti nikamsikia akicheka, kidogo, ndani ya koti langu. Biti bilitoka, akasema. Nikamkumbusha kwamba basi sipaswi kutoka mimi. Akasema mbele ya mvua mtu anahesabiwa mikono, na jembe liko nyuma ya mlango.

Jumanne, tarehe 10 Septemba. Musienene.

Mgongo! Mgongo wangu!

Tunapanda maharagi tangu jua kutoka. Mzee mmoja wa zile familia zilizokimbia, aliyetembea siku nyingi kufika hapa, ananipita kila mstari, kisha anarudi kunisaidia. Mama Agar hasemi neno baya. Anasema tu, "Mukwe, pumzika kidogo," na kila akisema hivyo wanawake wote wanageuka kuniangalia. Afadhali angenitukana.

Lakini leo, nimeegemea jembe, nimeona jambo. Pande zote ni maharagi. Musienene nzima inalima maharagi, siku ya soko yanajaa mpaka barabarani. Na je, nani kati yao ana tangazo la kulipia? Hakuna! Hata mmoja! Soko lote tupu linaningoja mimi.

Alhamisi, tarehe 12 Septemba.

Gama Prestige Agro imezaliwa.

Réseau hapa inapatikana kilimani tu, juu ya shamba. Nimepanda asubuhi na kiti cha Mama Agar, ndicho kiti pekee cha maana hapa, rangi yake bado inanuka. Coach alisema picha ya kiongozi haitazami kamera. Inatazama mbali, kule wengine hawaoni. Kwa hiyo nimekaa, nimeelekea bonde, mikono juu ya magoti, na nimemwomba Mama Agar kwa adabu zote anipige kwa nyuma.

Amenipiga. Amerudisha simu, amesita. "Mukwe," amesema, "batu batakujua je, nawe unabageuzia mugongo?" Nimemweleza kwa heshima kwamba hiyo ndiyo siri yenyewe. Picha ni nzuri ajabu. Mimi, mgongo wa kiti, bonde lote la Musienene.

Nimemuuza jogoo wa Kasonia kwa jirani, pesa nimemtumia Phinées kwa simu. Phinées ameuliza namba gani tuandike chini, na kama nimeitazama picha vizuri. Nimemwambia asinifundishe kazi, na asijaze maandishi. "Maharagi ya Musienene, bora kuliko yote." Basi. Anayenitaka atanitafuta. Prestige haipigi kelele!

Mbegu hazijaota bado. Lakini tangazo limekubaliwa.

Jumapili, tarehe 15 Septemba.

Likes nyingi sana, na safari hii ni za watu wetu: Butembo, Beni, Lubero. Wanaandika kwamba wamepiga, wanapiga, watapiga. Ajabu simu yangu haijalia hata mara moja. Nimeshinda kilimani tangu kutoka kanisani, nimeinyoosha juu mpaka mkono umekufa ganzi. Hakuna.

Badala yake imeingia meseji ya nani? Ya Kasonia! "Ndugu Gama, tangu juzi batu bananipigia simu kwa maharagi. Miye niko na biti tu. Weye unajua nini kwa hii?"

Nimeisoma mara kadhaa. Loo! Mtu ameshachukua viti vyangu, sasa amenusa na maharagi, na anajifanya kuuliza! Sikumjibu. Mshindani hajibiwi, anashindwa.

Nimemwandikia Phinées. Picha ile ile, pesa mara mbili.